Alama Kifuani mwa Dani

Kila asubuhi wakati wa likizo, Lorna alichota maji kwenye bomba la mtaa kule Nyalenda, akayapasha moto, kisha akamwogesha nyanya yake, Dani. Dani alikuwa na saratani ya titi, naye alikuwa akitibiwa kwa mionzi hospitalini. Kifuani alikuwa amechorwa misalaba midogo mitatu ya wino ya kuelekezea mionzi hiyo. Lorna alikuwa ameonywa asiiguse.

Jumatano hiyo wenzake walikuwa wakiruka kamba nje, wakimwita. Alisugua harakaharaka, na alipotazama, msalaba mmoja ulikuwa umefutika. Alichukua kalamu yake ya buluu akauchora upya kwa kukisia.

"Unafanya nini, nyakwara?" Dani alimuuliza mjukuu wake, macho kayafumba.

"Nakukausha, Dani."

Hospitalini walipokewa na Sneha, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyekuwa akisomea kutoa tiba ya mionzi. Mwalimu wake, Bwana Oyugi, alisimama kando akimtahini. Sneha alimlaza Dani, akalinganisha mistari ya mwanga na zile alama. Akasita.

"Mstari mmoja haukubali," alisema. "Samahani, Mama, sogea kidogo huku."

Dani alijivuta, akaguna kwa maumivu. Sneha akamwomba ajivute tena. Lorna alishindwa kuvumilia.

"Dada, si kosa lake," alisema. "Ile alama nimeichora mimi. Niliifuta nikimwogesha, nikaogopa kusema."

Sneha aliondoa mikono yake polepole. Akamgeukia mwalimu. "Siendelei mpaka tupime upya."

Bwana Oyugi aliitikia kwa kichwa.

Vipimo vilichukua saa nzima. Lorna alikaa kwenye benchi nje, machozi yakimdondoka, akingoja kukaripiwa. Baada ya tiba, Dani alitoka taratibu, akaketi karibu naye na kumshika mkono.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaniona mzembe."

"Mzembe ulikuwa," Dani alisema kwa upole. "Lakini wino huchorwa tena. Mwili wangu je?"

Bwana Oyugi, aliyemfuata Dani nje, alichutama mbele ya Lorna. "Mashine yetu hupiga pale inapoelekezwa, mwanangu. Haijui nani kaficha nini. Kila mtu hukosea, hata Sneha, hata mimi. Anayesema mapema huokoa. Anayenyamaza huumiza asiyetaka kumuumiza."

Lorna alifuta machozi. "Dani, kesho nani atakuogesha?"

"Nani mwingine?" Dani alisema, akamwegemea waanze safari ya nyumbani.