Meno Yaliyorudi Mara Tatu

Umewahi kuwa mdomo wa mtu mwingine? Sisemi kumsemea mtoto anayeona haya mbele ya wageni. Nasema mtu mzima, mwenye ndevu zake na ujuzi wake, na wewe ndiye unayewasalimia watu kwa niaba yake, ndiye unayemuulizia bei ya shati, ndiye unayemwombea radhi kila anapoalikwa. Leo, kesho, na mwaka ujao.

Dada aliifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja.

Kazini kila mtu alimwita Dada, hata daktari wa meno aliyemzidi umri. Alikuwa karani wa mapokezi katika kliniki ndogo ya meno. Palikuwa na meza moja, benchi moja refu, na nyuma ya meza mlango wa kijani. Ndani ya mlango huo alifanya kazi mdogo wake, fundi wa meno ya bandia. Wenzake walimbandika jina la Kobe, maana hakuna aliyemwona akitoa kichwa.

"Kobe wetu hajambo?" mfagizi aliuliza kila asubuhi.

"Hajambo, kazi zimemzidi," Dada alijibu kila asubuhi.

Mikono ya huyo mdogo wake ilikuwa ya ajabu. Alimimina plasta, akachonga nta, akapanga jino baada ya jino, akayasugua mpaka yakang'aa kama yamelowa mate. Lakini mgonjwa akitaka kumshukuru, Dada alisema, "Ametoka kidogo." Kumbe yuko hatua tatu tu, amezima mashine asisikike.

Nyumbani ilikuwa vilevile. Alikaa kwa Dada na shemeji yake. Mgeni akibisha hodi, fundi alijifungia chumbani na sahani yake. Chuo kimoja kilimwomba awafundishe wanafunzi. Dada ndiye aliyepiga simu kusema mdogo wake anaumwa.

"Utamsemea mpaka lini?" mume wake alimuuliza.

"Nisipomsemea mimi, nani atamsemea?"

Dada alichoka. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Aliamka nao, akavaa nao viatu, akaenda nao kazini.

Siku moja alikuja mama mmoja mzee, nesi mstaafu. Ilikuwa mara yake ya tatu. Alifungua leso juu ya meza, na ndani yake kulikuwa na meno aliyotengenezewa pale.

"Binti yangu, haya meno yana ugomvi na mimi," alisema. "Yananikata ulimi, huku kushoto. Juzi nimemwamkia jirani, yakaruka yakamwangukia mguuni!"

Watu wa kwenye benchi walicheka. Dada aliyachukua meno, akaingia mlango wa kijani.

Fundi aliinuka haraka. "Amesema nini?"

"Amesema ni mazuri sana. Labda usugue kidogo tu, pembeni."

"Pembeni wapi?"

"Huku. Au huku. Popote panapobana."

"Amekasirika?"

"Wala! Amecheka."

Fundi alisugua mahali pasipohitaji kusuguliwa. Hivyo ndivyo alivyofanya mara ya kwanza, na mara ya pili pia.

Daktari alimwita Dada pembeni. "Mara ya tatu hii. Fundi lazima amwone mgonjwa akiuma kitu kwa meno hayo. Nimevumilia vya kutosha. Nampa miezi mitatu. Asipotoka kuonana na wagonjwa, kazi naipeleka kwa fundi mwingine."

"Nitamwambia, Daktari."

"Najua utamwambia. Utamwambiaje, hapo ndipo penye shida."

Dada alirudi mbele, lakini hakufika kwenye kiti chake. Aliketi kwenye benchi, karibu na yule nesi mstaafu. Wagonjwa wengine walikuwa wameshaondoka.

"Nani amekufa?" nesi aliuliza.

"Hakuna, mama. Nimechoka tu." Halafu yakamtoka yote: mlango, simu, wageni, miezi mitatu.

"Anaringa huyo mdogo wako?"

"Watu ndivyo wanavyosema. Haringi, mama. Ukimwambia neno dogo tu la kumkosoa, wiki nzima hali chakula vizuri. Anasema yeye si kitu, watu wakimwona watajua."

"Tangu lini?"

"Tangu utoto. Shuleni mwalimu akimtaja jina, alitoka jasho. Tulidhani atakua ataacha."

"Sasa niambie. Anapenda kuwa peke yake?"

"Sijui, mama," Dada alisema. Miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza.

"Ndiyo maana nauliza," nesi alisema. "Nimewauguza wagonjwa wa akili miaka thelathini. Kuna mtu anapenda upweke, unamridhisha moyo. Na kuna mtu anatamani watu kama wewe na mimi, lakini ana hakika watamdharau. Basi anawakwepa kabla hawajamkataa. Hali hiyo ikimshika tangu ujana, ikamharibia kazi na urafiki, yaweza kuwa ugonjwa. Wataalamu wanauita hitilafu ya haiba ya kukwepa watu. Si uvivu. Si majivuno. Wala hajalogwa."

"Kwa hiyo mdogo wangu anao?"

"Mimi siwezi kumpima nikiwa nimekaa kwenye benchi, tena bila meno. Mpeleke kwa mtaalamu wa saikolojia, amsikilize mwenyewe. Tiba yake kubwa ni mazungumzo, wiki kwa wiki, na mazoezi madogo madogo. Dawa hutolewa pale penye huzuni kali au wasiwasi uliozidi. Usitegemee mwezi mmoja." Alimtazama Dada. "Na meno yangu, ulimwambia yana kasoro gani?"

Dada aliinamisha kichwa. "Nilimwambia umecheka."

"Loo! Ulitaka kumlinda yeye, ukanikata ulimi mimi."

Siku ileile Dada aliingia mlango wa kijani na kusema kweli. "Yule mama yanamkata ulimi, upande wa kushoto. Mara zote tatu nilikuficha ukweli. Na Daktari amekupa miezi mitatu." Kisha akasema, "Nami nimechoka, mdogo wangu."

Fundi alipanga vyombo vyake kwa urefu, mkubwa hadi mdogo, akaenda nyumbani. Siku mbili hakutoka chumbani. Dada aliketi nje ya mlango.

"Unadhani nina kichaa?" sauti iliuliza.

"Nadhani unateseka. Yupo mtu wa kukusaidia. Nitakusindikiza."

Siku ya tatu alitoka, amevaa viatu.

Mtaalamu alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani minene. "Karibuni. Nini kimekuleta, kaka?"

"Yeye huwa..." Dada alianza.

"Samahani, dada. Nimemuuliza yeye."

Saa ya ukutani iligonga, gari likapita nje, na Dada akauma ulimi wake mwenyewe. Hatimaye fundi alisema, kwa sauti ya chini, "Naogopa watu." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Dada kumsikia akimwambia mgeni jambo lake mwenyewe. Kuanzia siku ile Dada alisubiri nje.

Baada ya kumsikiliza mara kadhaa, mtaalamu alimweleza fundi kwamba ni ule ugonjwa kweli, na kwamba unatibika. Kila wiki alimpa zoezi moja dogo. Kwanza aandike anachoogopa, halafu alifanye zoezi lenyewe, halafu aandike kilichotokea. Zoezi la kwanza lilikuwa kumsalimia mfagizi.

Kwenye daftari aliandika: "Naogopa atanicheka." Chini yake, jioni, akaandika: "Ameniambia sakafu imelowa, nisije nikateleza."

Usidhani mambo yalinyooka. Wiki ya tano mwenye duka alimfokea, naye fundi akakosa kwenda kwa mtaalamu mara mbili. Dada alishika simu amsemee, akaikumbuka ile saa ya ukutani, akairudisha simu mfukoni. Kumbe kunyamaza nako ni kazi! Wiki ya saba fundi alipiga simu mwenyewe, akaomba radhi, akaendelea.

Mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha, nesi mstaafu, aliyekuwa ameyaacha meno yake pale tangu siku ile, aliitwa. Mlango wa kijani ulifunguka. Fundi alitoka, koti lake jeupe limelowa kwapani, mkononi ana meno na karatasi nyembamba ya bluu.

"Wewe ndiye fundi?" nesi aliuliza. "Yalinikata ulimi, baba."

Fundi aligeuka kumtazama Dada. Dada aliinamia kitabu cha wagonjwa, akasoma mstari uleule mara nne.

"Pole, mama," fundi alisema. "Ni kosa langu. Sikukuona ukiuma. Hebu yavae, kisha uma karatasi hii."

Nesi aliuma. Bluu ilibaki kwenye jino moja la kushoto, pale palipobana. Fundi alisugua pale pale, akapuliza vumbi, akaosha, akamrudishia. Akauma tena. Akasugua tena. Robo saa nzima mashine ililia.

"Sema neno refu," fundi aliomba.

"Asalalee! Hayaruki. Ulimi wangu umepona!"

Daktari alikuwa amesimama mlangoni. "Fundi, kazi nyingine tatu ziko mezani. Wagonjwa wenyewe watakuja kesho. Utawapokea?"

Dada alishika kalamu kwa nguvu.

"Nitawapokea," fundi alisema. "Mmoja mmoja."

"Mmoja mmoja inatosha," Daktari alijibu, akaondoka.

Nesi alichukua mkoba wake. Fundi bado alikuwa amesimama mbele yake, anakunja na kukunjua ile karatasi.

"Mbona umesimama, mwanangu? Kuna lililobaki?"

Dada alijua anavyohangaika kutafuta neno. Angeweza kumpa kumi. Hakumpa hata moja.

"Mama," fundi alisema, "hebu cheka kidogo. Miaka kumi na mmoja nawatengenezea watu meno. Siku zote nilitaka nimwone mtu akicheka nayo."