Nani Alikaza Klachi ya Kezia?

Haya aliniambia Kezia, mke wa mjukuu wangu, yule anayeniita Dani, yaani nyanya, Jumanne iliyopita jioni, hapa Umoja, helmeti ikiwa bado kichwani. Mwisho wake sikuambiwa na mtu... nilikuwepo!

Sikizeni, wanangu.

Pikipiki ilikuwa inalia kama inachinjwa... na haiendi!

Kezia yuko katikati ya Kangundo Road. Nyuma amebeba mama wa mayai, trei nne mapajani. Upande wa kushoto, lori linakuja. Anavuta mafuta, injini inapiga kelele, magurudumu yanajikokota tu.

"Songa, dada! Unataka tufe na mayai?"

"Haishiki, mama! Haishiki!"

Lori likapiga honi. Kezia akakanyaga lami kwa miguu yote miwili, akaisukuma kama mtoto aliyepanda baiskeli mara ya kwanza. Lori likapita hapo, upepo wake ukamtingisha.

Halafu ikapanda ile harufu. Klachi inaungua.

Muelewe, hiyo pikipiki si yake. Ni ya Mureithi, mwenye duka la misumari na rangi. Pleti za klachi, zile sahani zinazopeleka nguvu ya injini kwa gurudumu, ziliungua mwezi uliopita, na Mureithi akasema zikiungua tena, funguo zinarudi. Bila pikipiki, Kezia anarudi kufulia watu nguo.

Akamshusha mama wa mayai, akaisukuma mpaka kwa Irungu, fundi wa pale stage ya boda, aliyeziweka pleti mpya.

"Irungu, wewe ni mwizi! Uliniwekea pleti kuukuu!"

Watu wa boda wakageuka. "Leo fundi ameshikwa!" mmoja akacheka.

Irungu alishika mkono wa klachi kwa kidole kimoja.

"Kuja uguse. Inacheza?"

Kezia akagusa. Haichezi hata kidogo.

"Huu mkono lazima ucheze kidogo kabla uanze kuvuta kebo," Irungu akasema. "Hapa kwa mwanya, sarafu ya shilingi kumi ipite. Isipopita, ni kama umefinya klachi kidogo siku nzima. Pleti zinateleza, zinaungua."

Akazungusha kipete kinachokaza na kulegeza kebo, kwa vidole tu. Mkono ukalegea.

"Jana niliikuta imekazwa, nikakuachia nafasi. Leo mtu amekaza tena. Usiku inalala wapi?"

"Kwa nyumba. Sebuleni."

Watu wa boda wakasogea karibu wasikie.

"Basi si mimi, Kezia. Uliza huko."

Mume wake, Tobias!

Wiki tatu mjukuu wangu amekuwa akinung'unika. "Mke wangu kubeba wanaume mgongoni, mimi naonekana aje?" Kezia akaunganisha moja na moja. Alinisimulia yote, na hapo hapo Tobias akaingia na pakiti ya unga.

"Nyoka wewe! Ulitaka lori linisage?"

"Kwani nimefanya nini?"

"Umekaza klachi!"

"Mimi? Hiyo kitu hata siigusi!"

"Huitaki hiyo kazi! Sema huitaki!"

"Siitaki, ndio! Lakini nikuue, Kezia?"

Hodi... Mureithi. Watu wa stage walishampigia simu.

"Nimekuja kuchukua pikipiki," akasema. Hata chai alikataa.

Kezia akamtolea funguo. Mkono wake haukutaka kufunguka.

Wanangu, mimi nilikuwa nimekauka pale kwa kochi.

"Kezia," nikasema, "hicho kipete... ni kile cha meno meno, hapo karibu na mkono?"

"Ndiyo, Dani. Umekijuaje?"

"Ni mimi."

Wote wakanigeukia.

"Kila asubuhi mkiwa mmelala naipangusa vumbi. Nikaona mkono unachezacheza. Nikasema, kitu cha mtoto kimelegea, atakuja aanguke. Nikakaza. Kesho yake umelegea tena, nikakaza tena. Nilidhani nakusaidia."

Mureithi akanitazama mimi nyanya wa watu. "Shosho, umenichomea pleti na hata hujui kuendesha?"

"Ningejua, ningekaza?"

Akajaribu kununa, akashindwa. Akaitoa pikipiki nje, akampandisha Tobias nyuma kama mzigo, wakazunguka ploti. Kezia amesimama mlangoni anauma kucha. Tuliisikia ikienda... ikakata kona... ikarudi.

"Inashika," Mureithi akasema. "Irungu aliiwahi. Lakini Shosho asiiguse tena!"

Akamrudishia Kezia funguo.

Kezia akamwangalia Tobias. "Nimekuita nyoka."

"Nimesikia. Na hata ploti yote imesikia." Akachukua pakiti yake ya unga. "Nenda kwa Irungu kwanza. Huyo ulimtukana mbele ya watu."

Akaenda jioni hiyo hiyo, akamwomba fundi msamaha kwa sauti ile ile aliyomwitia mwizi, mbele ya wale wale waliocheka.

Nyinyi mnaonisikia, kabla hamjamwita mtu mwizi, ulizeni. Na wewe unayesaidia kimya kimya, kama mimi, uliza pia! Mimi miaka yote nimedhani kila kilicholegea kimeharibika. Kumbe kuna vitu vinafanya kazi kwa sababu vimeachiwa nafasi.

Tulikula ugali wa unga ule ule wa Tobias. Tobias akalala wa kwanza. Kezia akafuata, funguo chini ya mto.

Nikabaki mimi na pikipiki sebuleni. Ilikuwa na vumbi kweli kweli... na vidole vinaniwasha! Nikaifunika na leso nisiione, nikageukia ukuta, nikalala.