Poleni, Viumbe wa Bahari

Walikutana River Road, mlangoni mwa duka la kuchapisha mabango, Nyokabi alipomgonga Shem, mwenye duka, kidevuni na bomba la karatasi.

"Woi! Pole!"

"Rudia, sijasikia vizuri," Shem akasema, na tangu siku hiyo Nyokabi hakuchapisha kwingine.

Kazi ya Nyokabi ilikuwa ya ajabu. Anayeyusha mawe ya Antaktika kwa asidi, halafu anatafuta kwa darubini vumbi la maua ya kale na maganda ya viumbe wadogo wa bahari. Vumbi linamwambia ni miti gani iliota huko kabla ya barafu. Viumbe, kwa kuwa kila aina iliishi wakati wake, wanataja umri wa jiwe.

Leo ni saa saba na robo. Saa nane anasimama mbele ya watu wanaochagua nani apande meli ya kwenda huko miezi minne. Amevaa suti ya samawati na viatu vya kuazima. Shem akakunjua bango.

POLENI, VIUMBE WA BAHARI. Herufi nyekundu, kila moja kubwa kama sahani.

"Shem. Nini hii?"

"Si ulisema hivyo kwa simu?"

"Nilisema polen! Vumbi la maua! Polen na viumbe wa bahari!"

"Na hizi kelele, babe, nilisikia poleni. Nikadhani wamekufa."

"Wamekufa miaka milioni arobaini! Nani huwapa pole?" Hakucheka. "Umefanya makusudi. Hutaki niende."

Mashine ikanguruma. Shem akalikunja bango.

"Kweli, sitaki uende. Tangu uniambie, chakula hakipiti. Lakini makusudi, hapana. Hiyo vumbi kwa Kiswahili inaitwaje?"

"Chavua."

"Nitajie herufi moja moja."

Akazitaja, macho kwenye saa. Wakalibeba bango jipya likiwa bichi, huyu huku, yule kule, wakikimbia hadi ukumbini, Shem akipiga kelele, "Kando! Wino! Kando!"

Saa kumi Nyokabi akatoka. Shem alikuwa ngazini, kidole gumba chekundu.

"Wamenichukua."

Shem akasimama. "Hongera. Na poleni kwa yale ya mchana."

"Poleni ni ya wengi. Mimi ni mmoja."

"Basi hiyo ya wengi naipeleka Mutuini Jumamosi, kwa wazazi wako."

"Pole ya nini?"

"Ya kuwachukulia msichana. Kabla meli haijamchukua."

Nyokabi akamkazia macho mpaka Shem akaanza kutokwa jasho.

"Beba sukari," Nyokabi akasema. "Bango acha nyumbani."