Karatasi Yenye Matundu Mawili

Msimu wa kahawa ukifika, huku kwetu milimani hakuna anayekaa bure. Olandina huchuma. Mumewe Evaristo hukoboa kwa mashine ya mkono. Jioni wote wawili huanua kahawa iliyoanikwa uani, halafu hula mahindi ya kuchemsha na maharage. Mimi ni jirani yao. Ua wangu na wao umetengwa na mstari wa mihogo tu, kwa hiyo mengi ya haya niliyasikia kwa masikio yangu, nipende nisipende.

Mwaka ule kahawa iliiva pamoja na uchaguzi wa bunge. Nchi yetu ya Timor ni ndogo, lakini ugomvi wake hauenei ndani. Upande mmoja ni chama cha Jua. Upande wa pili ni chama cha Mkuki. Vyama vingine vipo, ila nani alikuwa na habari navyo? Bendera zilipanda juu ya mianzi mpaka kwenye mazizi ya nguruwe. Sijui nguruwe wale walikuwa chama gani.

Evaristo alikuwa wa Jua. Aleixo, kaka yake Olandina, alikuwa wa Mkuki. Siku ya mkutano wa Jua, Olandina alipika. Siku ya mkutano wa Mkuki, Olandina alipika vilevile, kwa sufuria ileile.

Na wote walikuwa bado na nyeusi. Mzee Tomé, baba wa Olandina na Aleixo, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Olandina na mama yake, Mama Bendita, walivaa nguo nyeusi. Wanaume walibandika kitambaa cheusi kwenye shati. Kwetu mfiwa hajivui nyeusi mwenyewe. Mkwe huleta nyati wa kufugwa, kaka mwenye nyumba ya mababu huwakatia wafiwa kipande cha nyeusi waliyoivaa, kisha watu hula na kucheza mpaka kuche. Akikosekana mmoja wa hao wawili, nyeusi haivuliki. Shughuli ilipangwa ifanyike baada ya uchaguzi.

Mama Bendita alikuwa akihesabu siku. Kifua chake kilikuwa kibovu.

"Nikivuliwa nyeusi nitavaa ile nguo ya maua," alimwambia binti yake. "Sitaki kwenda kwa baba yenu nimevaa msiba wake. Atanicheka."

Wiki ya kampeni, Aleixo alimwita dada yake kwenye nyumba ya mababu. Akatoa upanga wa zamani wa familia, akauweka chini mbele yake.

"Shika hapa, uape. Kura yako ni ya Mkuki."

"Kaka, mambo ya kura na upanga wa babu yanahusiana nini?"

"Wewe umetoka nyumba hii. Kura yako nayo imetoka nyumba hii. Apa!"

Olandina akaapa. Aliogopa mababu, na aliogopa kumuudhi kaka yake wakati nyeusi haijavuliwa.

Aliporudi nyumbani, Evaristo alikuwa akimsubiri.

"Nasikia kaka yako anakusanya kura kwa panga. Sasa sikiliza, mama watoto. Unakula kwangu, unalala kwangu. Usiniaibishe mbele ya wenzangu. Unaona picha ya jua kwenye karatasi ya kura, unatoboa."

"Nimesikia."

"Umesikia au utatoboa?"

"Nitatoboa, baba watoto. Hebu nipishe nikoroge maharage."

Siku hizohizo Martinha alikuja kufundisha watu upigaji kura. Martinha ni mwalimu wa watu wazima hapa kwetu, na ofisi ya uchaguzi ilikuwa imempa mafunzo. Olandina hakwenda. Alikuwa anapikia mkutano. "Mume wangu amenifundisha, na kaka yangu amenifundisha," alisema. "Walimu wawili si wanatosha?"

Siku ya kupiga kura alivaa nguo yake nyeusi iliyopigwa pasi. Alionyesha kadi, akapewa karatasi, akaelekezwa kwenye kibanda cha boksi. Ndani kulikuwa na msumari uliofungwa kwa kamba. Msimamizi alieleza jambo, lakini Olandina hakuwa na masikio siku ile. Alikuwa anauona upanga. Alikuwa anausikia ule "usiniaibishe".

Akatoboa mkuki. Hapo kiapo kikatimia. Akatoboa jua. Hapo nyumba yake ikatulia. Akakunja karatasi, akaitumbukiza kwenye sanduku, akachovya kidole kwenye wino. Akatoka anatabasamu, kwa mara ya kwanza wiki ile. Kaka yake alipomuuliza, alisema, "Nimeutoboa mkuki." Mumewe alipomuuliza, alisema, "Nimelitoboa jua." Na kweli hakudanganya hata mmoja.

Jioni kura zilihesabiwa palepale shuleni. Watu walijaa madirishani. Msimamizi aliinua kila karatasi juu, akaielekeza kwenye taa ili tundu lionekane. Jua! Mkuki! Mkuki! Jua! Halafu akainua moja, akaigeuza, akatikisa kichwa.

"Hii ina matundu mawili. Imeharibika."

Watu wakacheka. "Huyo alikuwa anashona!" mmoja akapiga kelele. Evaristo alicheka mpaka akafuta machozi. Aleixo naye alicheka, kwenye dirisha la pili. Olandina alikuwa nyuma yao, amekikunja kidole chake chenye wino ndani ya kiganja.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Olandina zilimponyoka zote.

Jumapili iliyofuata walikutana uani kwa Aleixo kupanga shughuli ya kuvua nyeusi. Mama Bendita alikuwa ameketi kwenye mkeka, anapukuchua mahindi. Mambo yalianza vizuri. Nyati alikuwa amepatikana. Siku ilikuwa imetajwa. Kisha Aleixo akaleta utani.

"Shemeji, pole lakini. Kura ya mkeo tumeila sisi."

"Thubutu! Mke wangu ametoboa jua. Kaniambia mwenyewe."

"Mimi ameniapia kwa upanga wa babu."

Wakamgeukia Olandina. "Umemdanganya nani kati yetu?"

"Sijamdanganya mtu," alisema Olandina. "Nimewatobolea wote."

Wangecheka pale, mambo yangeisha. Lakini kila mmoja alikumbuka alivyocheka dirishani, akaona aibu, na aibu ikatafuta pa kuangukia.

"Huyu amevurugwa na vitisho vyako," Evaristo akasema.

"Amevurugwa na njaa ya nyumbani kwako!"

"Afadhali sisi wenye njaa. Sisi tulikuwa msituni wakati wa vita vya uhuru. Baba yenu alikuwa mjini, anakula wali wa jeshi la adui!"

Maneno hayo Evaristo aliyasikia kwenye kipaza sauti, juu ya lori la kampeni. Hayakusemwa juu ya Mzee Tomé. Yalisemwa juu ya watu wa Mkuki kwa jumla, kama wanavyosema. Yeye ndiye aliyemvika marehemu maneno hayo. Hapa kwetu unaweza kumtukana mtu nyumba yake, nyati wake, hata sura yake, na kesho mkatafuna tambuu pamoja. Tusi lile halina kesho.

Mama Bendita aliacha kupukuchua.

"Mahindi yaliyokwenda msituni niliyachemsha mimi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tomé aliyabeba usiku, chini ya majani ya ng'ombe. Baba yako, Evaristo, aliyala. Muulize."

Baba yake Evaristo alikwisha kufa zamani. Hakuna wa kuulizwa. Lakini Evaristo hakuhitaji kuuliza, maana hadithi ya mahindi yale alilelewa nayo. Alijua. Alisimama pale mdomo wazi, akashindwa kusema neno moja tu, "samahani". Akachukua kofia yake akaondoka.

"Nyati wako baki naye!" Aleixo alimpigia kelele. "Nyeusi ya baba yangu hutaivua wewe!"

Basi nyeusi ikabaki.

Miezi ikapita. Olandina alikuwa akikatiza kwenye mihogo yangu kwenda kumwona mama yake, ili mumewe asimwone njiani. Nilimwambia Evaristo mara nyingi, "Nenda kaombe radhi, bwana." Alinijibu, "Nitakwenda kahawa ikiisha." Kahawa ikaisha. "Nitakwenda baada ya Krismasi." Krismasi ikapita. Mvua ikaja kwa nguvu, na kifua cha Mama Bendita kikaja nayo.

Gari haliwezi kupanda huku wakati wa mvua. Vijana walimbeba kwenye machela ya mianzi kuteremka hospitali. Tope lilikuwa la magoti. Evaristo alipopata habari alitoka mbio bila viatu, akawafikia kwenye kivuko, akaingiza bega chini ya mwanzi. Aleixo alikuwa kwenye mwanzi wa mbele. Alimwona, akaendelea kuteremka.

Mama Bendita alikuwa amekwisha kukata roho. Hakuna aliyejua ni wapi njiani.

Walimzika na nguo yake nyeusi. Ile ya maua Olandina aliikunja akairudisha sandukuni. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu aliwakuta wote watatu nyumbani.

Kule mjini wanasiasa nao walishindwa kuelewana, kama sisi. Bunge likavunjwa. Tukaambiwa tupige kura tena kahawa itakapoanza kuwa nyekundu. Safari hii Martinha alipoitisha mafunzo, Olandina alikuwa wa kwanza kufika, na hakupikia mtu.

Martinha alitundika karatasi yenye picha tatu: nguruwe, kuku, sahani ya maharage.

"Leo tunachagua chakula cha jioni," alisema. "Mama Olandina, njoo utoboe."

Olandina akashika msumari. Akatoboa nguruwe, akatoboa na kuku. Nadhani alifanya makusudi, ili aambiwe mbele ya watu.

"Kura hii niiweke fungu gani?" Martinha aliuliza.

"Yote mawili."

"Haiwezekani. Kura ni moja. Ukitoboa pawili, hatujui unataka nini, basi haihesabiwi popote. Utalala njaa na karatasi yako."

"Na kama umeapa huku, na huku umeamriwa?"

Watu wakageuka kutazama. Evaristo alikuwa ameegemea nguzo upande mmoja. Aleixo alikuwa upande wa pili. Tangu mazishi walikuwa wakisalimiana kwa kichwa tu.

"Sikilizeni wote," alisema Martinha. "Kile kibanda hakikuwekwa kwa ajili ya jua kali. Kimewekwa ili usionekane na mume, kaka, chifu wala padri. Sheria inasema kura ni siri. Hakuna mwenye ruhusa ya kukuapisha, kukulazimisha, wala kukuuliza ulitoboa wapi. Na ukiulizwa, huna deni la kujibu. Mama Olandina, nikuulize jingine. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Sidhani kama Olandina aliwahi kuulizwa hivyo.

"Nataka barabara," alisema. "Mama yangu amefia kwenye machela."

"Basi wasikilize wagombea wote, hata wa vyama vidogo. Nani anazungumzia barabara? Nani alizungumzia akasahau? Ukishajua, ingia kibandani, toboa tundu moja."

Olandina hakukaa chini. Aligeuka.

"Kaka Aleixo, kiapo ulichoniapisha, kirudishe. Sipigi kura nikiwa na upanga shingoni. Na wewe, baba watoto, mahindi ninayokula nayapanda mwenyewe. Usinidai kura kwa ajili ya mahindi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Aleixo aliinamisha kichwa.

"Nimekirudisha," alisema. "Kesho nitakwenda nyumba ya mababu nikaseme. Nilikosa, dada."

Evaristo alitoka kwenye nguzo yake. Alivuka ule uwanja polepole mpaka mbele ya Aleixo.

"Shemeji, baba yangu aliyala yale mahindi," alisema. "Alituambia usiku mwingi. Nilijua, na nilisema vile. Ulimi hauna mfupa. Nisamehe."

"Si mimi wa kuambiwa," Aleixo alijibu.

"Najua."

"Ungesema siku ile. Ungesema hata kwenye Krismasi."

"Najua, shemeji."

Aleixo alitoa kimfuko chake cha tambuu, akammegea. Wakatafuna pamoja, na wote wawili walikuwa wanalia.

Uchaguzi wa pili ulipita kwa utulivu. Huku kwetu bendera zilipandishwa, lakini hakuna mke aliyeapishwa. Katika kituo chetu hakuna karatasi iliyoinuliwa yenye matundu mawili. Barabara bado haijafika, tusidanganyane. Ila mbunge mmoja amekuja kuikagua mara mbili, na mara zote Olandina alimshika kwenye tope asimwache aondoke.

Mwaka ulipotimia tangu mama azikwe, walivua nyeusi ya baba na ya mama pamoja. Evaristo alileta nyati. Aleixo alikata kitambaa cha kila mmoja kwa mkasi, mmoja baada ya mwingine. Muziki ukaanza. Aleixo akishakunywa mvinyo wa mnazi huwa mdadisi. Akamsogelea dada yake.

"Haya, sasa yamekwisha. Niambie mimi tu. Ulitoboa wapi?"

"Nilitoboa tundu moja," alisema Olandina.

"Usijisumbue," Evaristo alimwambia shemeji yake. "Hata mimi nalala na jibu hilohilo."

Tulicheka. Olandina alikuwa amevaa nguo ya maua ya mama yake. Ilimpwaya mabegani. Alicheza nayo kidogo, kisha akaenda kukaa peke yake ukingoni mwa mkeka, pale mama alipokuwa akipukuchua mahindi.

Vipande vyeusi vilikusanywa kwenye kapu. Cha mama hakikuwemo. Alikwenda nacho.