Nukta ya Tatu

Folda ilikuwa tupu, Nawfal aliisafisha mwenyewe dakika ile ile, na bado orodha ilionyesha mistari mitatu.

Wenye kazi hizi za kompyuta wanajua: folda tupu huonyesha miwili tu. Nukta moja ni folda yenyewe, nukta mbili ni mzazi wake. Huu mwingine ulikuwa na nukta tatu.

"Dorsaf, njoo uone! Moja mwenyewe, mbili mzazi. Tatu nani?"

"Mama mkwe wako," mkewe alijibu kutoka jikoni, akacheka.

Ilikuwa adhuhuri ya Agosti, mji mzima wa Sfax umefunga madirisha, saa ile watoto wanapotishiwa Kizee cha Adhuhuri wasitoke nje. Mke na mume hawa walitunza Khazna, programu ya bure iliyo wazi kwa yeyote, ambayo maktaba huitumia kusomea hati zilizo mbali. Walikuwa wanaichagulia tabaka jipya, kile kipande cha katikati kinachofanya mafaili ya mbali yaonekane kana kwamba yamo humu humu. Siku mbili wamegombana. Dorsaf alitaka lile linalotunzwa na watu wengi. Nawfal alipenda jingine, la kasi, lililoandikwa na mtu mmoja wa Gabes ambaye ameshakufa.

"Likiharibika utamlalamikia nani, kaburi?" Dorsaf alimwuliza asubuhi ile.

"Na lako je? Kila kitu kikao! Mpaka wakubaliane tutakuwa vikongwe."

Marehemu aliacha onyo moja tu: *Usilipandishe juu ya nyumbani.* Kupandisha ni neno la kazi, kuliweka tabaka juu ya folda. Na nyumbani ni folda kuu ya mwenye kompyuta. Nawfal alidhani marehemu anaogopea mafaili. Akalipandisha hapo hapo nyumbani, kwa kiburi tu, sina neno jingine. Ndipo alipoiona nukta ya tatu.

Kicheko cha jikoni kilikatika. Ikaja harufu ya waya unaoungua, imechanganyika na maji ya maua ya machungwa. Dorsaf akatoka na sinia. Vikombe vitatu vya kahawa.

"Cha tatu cha nani?"

"Cha mwenyewe."

Nawfal alijichekesha. "Haya, umeshinda. Tuchukue lile lako la wengi."

"Hapana. Hili zuri," Dorsaf akasema polepole. "Lina nafasi."

Yarabi! Siku mbili mwanamke amekataa, leo anakubali bila hata kumkejeli? Nawfal akaandika amri ya kulishusha tabaka, kompyuta ikajibu *haliwezi kushuka, linatumika*, akaandika tena, ikajibu yale yale, akaizima kabisa, maana mashine ikizimwa kila kilichopandishwa hushuka, na kioo kikawa cheusi, na katika weusi ule akamwona mkewe amesimama nyuma yake, anakunywa kikombe cha tatu kahawa ikiwa bado inachemka, wala hapulizi.

Kesho yake Mama Bayya, mamake Dorsaf, alimleta Si Mokhtar, yaani Bwana Mokhtar, shehe msomaji ambaye hajawahi kugusa kompyuta maishani. Ubani ukafukizwa. Akasoma mpaka jasho likamlowesha kanzu.

"Kwa jina la Mola, shuka juu ya huyu kiumbe!"

"Siwezi kushuka," kikasema kinywa cha Dorsaf. "Natumika."

Shehe akageuka. "Mwanangu, ana maana gani?"

Nawfal alimsogelea mkewe. Alikuwa amekumbuka jambo ambalo hata mwanafunzi wa kazi hii hulijua: ukipandisha kitu juu ya folda, kilichokuwamo hakifutiki. Kinafunikwa tu.

"Dorsaf," alinong'ona, "uko huko chini?"

Koo likatikisika. Sauti ikaja kutoka mbali, ndogo, ya mkewe hasa: "Nipo. Nawfal, nilikwambia uchukue la wengi."

Mama Bayya akaanguka magotini. "Mtoe mwanangu! Si kazi yako hiyo? Mtoe!"

"Anajua njia," kile kitu kikasema, kikitabasamu kwa midomo ya Dorsaf. "Kinachogoma kushuka, unazima mashine. Mashine sasa ni hii." Kikaushika mkono wa Nawfal, kikauweka shingoni pa Dorsaf, pale mshipa unapopiga. "Haya, mume wangu. Zima."

"Usithubutu," ikasema ile ndogo. "Bado nipo."

Hakuzima. Shehe aliondoka bila kuaga.

Sasa kila adhuhuri Nawfal anapanga vikombe vitatu na kumwita Dorsaf, na kila siku jibu linatoka chini zaidi. Jana aliita mpaka kahawa ikapoa. Hakusikia kitu. Akaiwasha kompyuta, akaitazama ile orodha, akafurahi kuona mistari imerudi kuwa miwili.

Kisha akaisoma. Nukta mbili. Nukta tatu. Ile moja, ya mwenyewe, haikuwamo.