Tangazo Lisilo na Mwandishi

Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyemfundisha Fikret, kijana mjenga tovuti, uvivu ule. Nilimwambia fomu haziandikwi tena kwa mkono: mfumo wa kujengea tovuti una kurasa tayari za kuongeza, kurekebisha na kufuta, wewe taja jedwali la data tu. Mstari wa msimbo wa kugonga jina la anayejaza fomu, nikasema, utauandika siku nyingine. Siku hiyo haikufika.

Tovuti ilikuwa ya matangazo ya misiba, yale yenye ukingo wa kijani yanayobandikwa mitini hapa mjini kwetu Zenica. Jumanne mchana, Fikret akiwa hoi, macho yamewiva kwa skrini, ofisi ilianza kunuka udongo mbichi na kafuri.

"Zumreta, umeleta nini humu?" Fikret akamwuliza mwenzake wa ofisini.

"Burek, pai ya nyama tu, bwana wee. Hata pua yako imechoka?"

Ndipo Fikret akaliona tangazo jipya kwenye skrini. Rasema, mama yake mzazi, amefariki Ijumaa. Na Ijumaa bado siku tatu. Mahali pa mwandishi palikuwa patupu.

"Mama yako nimemwacha sokoni sasa hivi akigombania pilipili hoho," Zumreta alinong'ona. Utani ulikuwa umemwisha.

Fikret akalifuta. Ukurasa ukamrudisha kwenye orodha, kama ulivyoagizwa, na tangazo li pale pale. Akafuta tena, na tena, hadi vidole vikafa ganzi, na kila alipofuta kitu kilikwaruza chini ya meza, taratibu, kama kucha kwenye ubao wa kaburi, harufu ikipanda mpaka wakaionja ulimini na hakuna aliyethubutu kuinama kutazama.

Alhamisi akaja Efendi Nusret, imamu wa mtaa, akasoma Ayatul Kursiyyu hadi koo likamkauka. Kucha zikanyamaza.

"Mwanangu, mlango umeuacha bila bawabu."

Fikret akauandika ule mstari: asiyeingia kwa jina lake hajazi, na kila tangazo libebe jina la aliyelijaza. Akafuta. Orodha ikabaki safi. Zumreta akaangua kilio cha furaha.

Kisha, mikono ya Fikret ikiwa magotini, tangazo likarudi. Rasema, Ijumaa. Safari hii mahali pa mwandishi pamejazwa: Fikret.

"Si mimi, Efendi. Wallahi si mimi!"

Efendi alikuwa ameshainuka. Alikuwa akitafuta viatu vyake.

Kesho ni Ijumaa. Nakuomba, mwombee Rasema dua kabla hujalala.