Maombi Tisa ya Marlène

Kila alipotoka shule, Marlène hakwenda moja kwa moja nyumbani mtaa wa Kisugu. Alipitia mtaa wa Kansanga, kwenye kibanda cha vitenge cha mama yake, akala muhogo aliowekewa, kisha akanyoosha mkono apewe simu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Ujumbe wa simu ulikuja kwa Kiingereza, na mama yake, Séraphine, aliyeachia shule darasa la tatu kule kwao Butembo, ng'ambo ya mpaka, hakukijua. Kwa hiyo Marlène, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa macho ya mama yake.

"Simu inasema nini, mama?" Séraphine aliuliza. Wakongo wengi kama wao humwita binti "mama" kwa mapenzi, na Marlène alipenda kuitwa hivyo.

"Inasema umelipa mkopo wa wiki hii. Alama zako ni mia saba na kumi."

Séraphine akatabasamu. Mwaka mzima alikuwa akikopa shilingi laki mbili kwa simu, akinunua vitenge, akiuza na kulipa kila Ijumaa. Kampuni ya mikopo ilimwekea alama. Mtu akilipa kwa wakati zilipanda, akichelewa zilishuka. Alitaka kiwango chake cha mkopo kifike laki tano, ili aende Butembo kumwona Koko, bibi yake Marlène, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka sita. Zawadi ilikuwa tayari chini ya meza, kitenge cha kijani chenye maua ya manjano. Ole wake mteja aliyekigusa!

"Waombe waniongezee," akasema. "Mara moja tu, tuone."

Marlène akabonyeza. Jibu halikukawia.

"Wamekataa, Mama. Wanasema tungoje."

"Basi tungoje. Subira haijawahi kuniua."

Lakini Marlène alikuwa amekulia katikati ya vitenge. Alijua mteja akitajiwa bei hakubali. Hubembeleza, huondoka hatua mbili, hurudi akabembeleza tena, na mara ya saba muuzaji hucheka na kupunguza. Kwa akili yake, kampuni ile nayo ilikuwa haijabembelezwa vya kutosha. Kesho yake akaomba tena, kimyakimya, ili ampe mama yake furaha ya ghafla. Wakakataa. Akaomba tena.

Katika wiki mbili aliomba mara tisa. Kila mara alama zilishuka kidogo, na alipofika ombi la tisa zilikuwa mia sita na arobaini. Tangu ombi la nne alikuwa ameogopa, ila alijidanganya kwamba wakikubali mara moja tu, yote yatasahaulika.

"Alama zinasemaje, mama?" Séraphine aliuliza kila jioni.

"Mia saba na kumi," Marlène alijibu, huku kidole chake kikifuta ujumbe.

Jumatatu moja, mjomba Hippolyte alipiga simu kutoka Butembo. Koko alikuwa mgonjwa sana, naye alikuwa akilitaja jina la Séraphine mchana kutwa.

"Niombee zile laki mbili zangu za kila wiki, zitatosha nauli ya kwenda," Séraphine akasema, tayari akikunja vitenge. "Naondoka leo."

Marlène akabonyeza. Alisoma jibu, akalisoma tena.

"Wamekataa, Mama."

"Wamekataa nini? Mimi, ninayelipa kila Ijumaa?"

Séraphine akaichukua simu na kwenda kwa Hajati Safinah, mwanamke wa Kinubi aliyekuwa wakala wa pesa za simu kibanda cha pili. Hajati akavaa miwani, akapekua polepole orodha ya maombi.

"Séraphine, mbona umeomba kuongezewa kiwango mara tisa kwa wiki mbili? Bambi, maskini wee, una shida gani, hata usituambie sisi jirani zako?"

Marlène akaanza kulia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Alisema yote, tangu ombi la kwanza hadi la tisa, na uongo wa kila jioni.

"Mwanangu," Hajati akasema, "mkopeshaji si muuza vitenge. Ukimwomba kiwango kikubwa, anafungua kumbukumbu za mikopo yako akuchunguze, na uchunguzi ule unaweza kukupunguzia alama kidogo. Ombi moja halina neno. Lakini tisa mfululizo? Anaona huyu amebanwa, akikopeshwa hatalipa."

"Alama zitarudi, Hajati?"

"Zitarudi, mkilipa vizuri na kuacha kuombaomba. Lakini ni miezi, si siku."

Séraphine hakumpiga binti yake wala hakumgombeza. Alikaa kwenye benchi, mikono magotini.

"Lau ungeniambia wiki iliyopita," alisema, "ningejua simu haitanikopesha, na jana ningeomba pesa kwenye chama cha akina mama, kinachokutana kila Jumapili. Sasa ni mpaka Jumapili ijayo, Marlène."

Marlène akasikia hakuitwa mama, na moyo ukamuuma.

Wiki ile Séraphine aliuza vitenge kwa bei ya kutupa, lakini nauli haikutimia. Jumamosi Hippolyte akapiga tena. Koko alikuwa amefariki alfajiri. Jumapili chama kilitoa pesa, na siku hiyohiyo Koko alizikwa. Séraphine alifika matangani akakuta kaburi bichi. Aliporudi Kansanga, kile kitenge cha kijani kilikuwa bado mkobani.

Kwa miezi sita Hajati Safinah ndiye aliyesoma simu. Marlène aliendelea kuja kibandani, akifagia na kukunja vitenge, wala hakunyoosha mkono tena. Hakuna aliyeomba kiwango kiongezwe. Kampuni ilianza tena kumkopesha kidogokidogo, naye Séraphine alilipa kila Ijumaa.

Alasiri moja simu ililia. Séraphine aliitazama kwa muda, kisha akampa binti yake.

"Soma."

Marlène akasoma polepole, asiruke neno. "Wamekuongezea kiwango, Mama. Laki tano. Alama ni mia saba na ishirini."

Séraphine akakitoa kitenge cha Koko, akakilaza mapajani. Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha.

"Ulipoomba mara nyingi, hukujua," alisema. "Asiyejua hufundishwa. Lakini ulipoona alama zinashuka ukaniambia hazijashuka, hapo ulijua. Ukikosea, niambie siku hiyohiyo, hata kama nitawaka. Habari mbaya ikiwahi, mtu hupata la kufanya. Ya kwako ilichelewa, na mimi sikumzika mama yangu."

"Nisamehe, Mama."

"Nilikusamehe zamani. Kukuamini ndiko kulikohitaji muda."

Akapangusa uso kwa kiganja. Simu ikalia tena mkononi mwa Marlène, naye akamtazama mama yake bila kuigusa.

"Haya," Séraphine akasema. "Inasema nini, mama?"